Duka la Mihadarati Lililo Ndani ya Simu

Kama una kijana wa miaka 12 hadi 19 hapo nyumbani, mwite aje akae karibu na redio msikilize pamoja. Kama yuko juu ya mwembe akichuma, mwite pia. Maembe hayatakimbia.

Leo tunazungumza juu ya mihadarati inayouzwa kwa vijana wetu kupitia mitandao ya kijamii: WhatsApp, Telegram, Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat na mingineyo. Najua baadhi yenu mmeshasema moyoni kwamba hayo ni mambo ya Nairobi. Subiri kidogo.

Zamani muuza bangi alikuwa na sura. Alikaa nyuma ya kilabu cha pombe au pembeni mwa steji ya matatu. Kila mtu alimjua, na mama alimwambia mwanawe, "Usipite pale." Mwalimu mkuu aliweka mlinzi langoni, chifu akafanya msako siku ya soko, na kwa kiasi fulani tulijua pa kuangalia. Muuzaji huyo bado yupo, tusidanganyane. Lakini sasa ameongezeka mwingine ambaye hana kibanda, hana sura, na huenda hajawahi kukanyaga Kitui wala Makueni. Anaingia nyumbani kwako saa nne za usiku wakati wewe umelala na mlango umefungwa kwa komeo.

Wakenya wengi walishtuka mara ya kwanza Machi 2016. Tangazo la sherehe iliyopewa jina la Project X lilisambaa mitandaoni, likiwaita vijana wakutane Nairobi tarehe 12 ya mwezi huo. Polisi waliipiga marufuku kabla haijafanyika. Kilichonigusa mimi zaidi ya sherehe yenyewe ni kwamba vijana wengi walikuwa wameshaliona tangazo muda mrefu kabla ya wazazi wao kusikia habari hiyo. Kulikuwa na soko zima ambalo watoto walilijua na sisi hatukulijua.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Shule zikafungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Nyumba ambazo hazikuwa na simu ya kisasa zilijinyima zikanunua moja, ili mtoto apate masomo. Lilikuwa jambo jema. Shule zilipofunguliwa, simu ilibaki nyumbani, na kila likizo inarudi mikononi mwa kijana.

Sasa nieleze biashara hii inavyomfikia mtoto. Haianzi na bangi. Inaanza na kikundi. Rafiki anamwingiza katika kikundi cha vichekesho, cha mpira, cha muziki au cha kubahatisha matokeo ya mechi. Humo ndani kuna mtu ambaye kila mara ana maneno matamu. Leo anatuma picha ya keki. Kesho anatuma picha ya chupa ya dawa ya kikohozi. Hasemi "nauza mihadarati". Anaandika kwa alama zile ndogo za picha: jani, biskuti, almasi, au plagi ya umeme, ambayo mitaani humaanisha mtu wa kukuunganisha na mzigo. Ujumbe wenyewe hujifuta baada ya muda, kwa hiyo hata ukiishika simu kesho yake hukuti kitu.

Hapa naomba tuelewane, hasa akina baba. Kijana aliyetuma picha ya jani au ya biskuti huenda anaongea juu ya jani na biskuti. Usimpige mtoto kwa sababu ya picha. Tafuta mambo kadhaa yanayokwenda pamoja, kama tutakavyoona baadaye.

Na anachouza huyo mtu kwa kawaida hukiita kwa jina la kitu chema. Tembe ya kukesha ukisoma. Ya kuondoa woga wa mtihani. Ya kupunguza unene, na hii huwalenga wasichana. Ya kulala vizuri. Mtoto ambaye angekimbia akiona msokoto wa bangi hatakimbia tembe, kwa sababu tangu utotoni ameona mama akimeza tembe za malaria na nyanya akimeza tembe za presha. Tembe kwake ni dawa. Hapo ndipo anapokamatwa.

Malipo ni kwa simu. Mzigo huja kama vifurushi vingine vyote, ndani ya matatu kutoka mjini, ukiwa umefungwa pamoja na nguo au vipuri, au huletwa na mwendeshaji wa boda boda ambaye mara nyingi hajui amebeba nini. Miji iliyo kando ya barabara ya Mombasa, yaani Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, hupitiwa na magari usiku na mchana. Barabara hiyo imetuletea riziki nyingi, na siilaumu. Ila kifurushi hakiulizwi kinakwenda wapi.

Nimewafikiria sana akina nyanya. Katika vijiji vyetu vingi baba na mama wako Nairobi au Mombasa wakitafuta riziki, na watoto wameachwa na nyanya. Nyanya ana simu ya mulika mwizi. Pesa za matumizi zinatumwa kwake kwa M-Pesa, na kwa kuwa macho hayaoni vizuri au hakusoma, mjukuu ndiye anayemsomea ujumbe. Mjukuu ndiye anayejua namba ya siri. Mjukuu ndiye anayekwenda naye kwa wakala. Sisemi wajukuu ni wezi. Wengi wao ndio macho ya nyanya zao, na Mungu awabariki. Lakini mjukuu mmoja akiingia mtegoni, simu hiyo ya nyanya itatuma shilingi mia mbili leo na mia tatu kesho, ujumbe utafutwa, na nyanya ataamini kwamba mwezi huu pesa zimeisha haraka kwa sababu unga umepanda bei.

Kuna pia pesa ya mtoto mwenyewe. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huingiliana na msimu wa maembe kule Makueni. Na ndengu zikikomaa, upande wa Kitui, kijana akivuna shamba la jirani hulipwa. Ni jasho lake na ni haki yake. Ila tumezoea kumuuliza amepata kiasi gani, hatumuulizi amekitumia vipi.

Sasa, msikilizaji, nitatoa mfano. Nimeutunga mwenyewe, na hauhusu kijiji wala mtu fulani, lakini yaliyomo ni mambo yanayotokea.

Mvulana wa kidato cha pili ameagiza tembe 4 kupitia kikundi cha simu. Ameambiwa ni za kutuliza mawazo. Jioni ya Jumamosi wanakutana watatu katika nyumba ya shangazi aliyesafiri. Wanameza moja moja, wanashushia na pombe waliyoipata. Baada ya saa moja yule mvulana anaanza kusinzia. Wenzake wanacheka, wanampiga picha. Saa nne za usiku anakoroma kwa sauti nzito, kama mtu anayesukutua maji kooni. Wenzake wanasema, "Amelewa tu, mwacheni alale." Saa sita mkoromo umepungua, midomo imebadilika rangi, na sasa hawacheki. Mmoja anasema wamwite baba yake. Mwingine anasema, "Wewe! Baba yake atatuua." Wanamwagia maji. Wanamnywesha maziwa, yanatoka puani. Ni msichana mdogo wa jirani, aliyekuja kuchota maji alfajiri, anayemwona na kukimbia kwa nyanya yake: "Nyanya, kuna mtu haamki."

Hospitalini daktari anauliza swali moja. Amemeza nini? Hakuna anayejua. Wanafungua simu, ile akaunti ya muuzaji haipo tena. Karatasi ya tembe haina jina wala namba ya kiwanda. Daktari anaanza kazi gizani.

Hapo ndipo kwenye hatari yenyewe. Watu husema mihadarati ya mtandaoni ni mbaya kwa sababu ni haramu, na ni kweli ni haramu. Lakini kwa upande wa afya ubaya wake wa kwanza ni kwamba hakuna anayejua kilichomo. Mnunuzi hajui. Muuzaji mwenyewe hajui, kwa maana naye alinunua kwa mtu asiyemjua. Tembe iliyotoka kiwandani na kuuzwa katika duka la dawa lenye leseni imepimwa. Tembe iliyokuja ndani ya soksi haikupimwa na yeyote.

Sisi watu wa Ukambani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Juni 2005 watu zaidi ya 40 walikufa katika wilaya ya Machakos ya wakati huo baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 ikatokea tena, Embu, Kitui na kwingineko, na nchini kote walikufa zaidi ya watu 60. Wengine walipona lakini wakapoteza macho. Marehemu hao hawakukusudia kunywa sumu. Walikunywa kitu kilichofanana na walichozoea, ndani ya chupa iliyofanana na waliyoizoea. Tembe ya mtandaoni ni ile ile chupa ya 2014, imebadilisha umbo.

Kule Marekani walijifunza kwa machozi. Wauzaji walitengeneza tembe zinazofanana kabisa na dawa halisi za maumivu na za kutuliza wasiwasi, wakatia ndani kemikali iitwayo fentanili, na vijana wakazinunua kupitia mitandao kama Snapchat. Kati ya nusu ya pili ya 2019 na nusu ya pili ya 2021, vifo vya kila mwezi vya vijana wa miaka 10 hadi 19 kutokana na mihadarati viliongezeka zaidi ya mara mbili. Karibu robo ya marehemu hao walikuwa na dalili za kutumia tembe bandia. Idara ya Marekani ya kupambana na mihadarati, DEA, ilisema kwamba kati ya tembe bandia zenye fentanili ilizozipima mwaka 2023, 7 kati ya 10 zilikuwa na kiasi kinachoweza kuua. Kiasi hicho ni miligramu 2, kitu kinachoweza kukaa kwenye ncha ya penseli. Familia kadhaa zilizofiwa zilikwenda mahakamani Los Angeles mwaka 2022 kuishtaki kampuni yenye Snapchat, nayo kampuni ikapinga kwamba kosa ni lake.

Sisemi fentanili imefika Wote. Nasema njia iliyowafikisha watoto wale kaburini ndiyo hii hii inayopita katika simu za watoto wetu: mtu usiyemjua, tembe usiyoijua, usiku ambao mzazi hajui.

Tuangalie sasa vitu vyenyewe na namna vinavyoumiza mwili. Ubongo una sehemu inayotuamuru kuvuta pumzi hata tukiwa usingizini. Hatuifikirii, inafanya kazi yenyewe. Dawa kali za maumivu kama tramadoli, dawa za kikohozi zenye kodini, tembe za usingizi na za kutuliza, na pombe, zote hupunguza nguvu ya sehemu hiyo. Moja peke yake kwa kiasi kikubwa inaweza kuua. Mbili kwa pamoja, kwa mfano tembe ya usingizi na pombe, ni hatari zaidi, kwa sababu kila moja inaifanyia nyingine kazi. Mtu hafi kwa kelele. Pumzi inakuwa fupi, kisha inachelewa, kisha haiji.

Tramadoli ina ubaya wa ziada: inaweza kumfanya mtu apatwe na kifafa hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani mwake. Kodini nayo ikifika mwilini hugeuzwa kuwa mofini. Kuna watu ambao miili yao hufanya kazi hiyo haraka mno, na huwezi kumjua mtu wa namna hiyo kwa kumtazama. Ndiyo sababu marafiki wawili wanakunywa kipimo kimoja, mmoja anaamka na kichwa kizito, mwenzake haamki.

Bangi iliyopikwa ndani ya biskuti au keki huwadanganya watoto kwa namna yake. Ikivutwa, mtu huisikia baada ya dakika chache. Ikiliwa, huchukua nusu saa hadi saa mbili kabla haijapanda. Mtoto anakula kipande, hasikii kitu, anasema amepunjwa, anakula cha pili na cha tatu. Vyote vinapanda pamoja. Moyo unakwenda mbio, anaona vitu visivyokuwapo, anaogopa mpaka anataka kukimbilia barabarani, na hali hiyo inaweza kudumu saa nyingi. Na keki haijui umri. Mdogo wake wa miaka 4 akiikuta mezani ataila, na mtoto wa umri huo anaweza kuzimia.

Kwa kijana kuna jambo lingine zaidi. Ubongo wake bado unajengwa, na kazi hiyo huendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Kilevi kinachoingia wakati wa ujenzi hushika mizizi kuliko kile kinachoingia baadaye. NACADA, ile mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ilifanya utafiti wa nchi nzima mwaka 2022. Ilikuta kwamba Mkenya 1 kati ya 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65, yaani watu takriban milioni 4.7, alikuwa akitumia angalau kilevi kimoja. Walipatikana walioonja sigara wakiwa na miaka 6, pombe wakiwa na miaka 7 na bangi wakiwa na miaka 8. Miaka 8, msikilizaji. Huyo ni mtoto anayeng'oka meno ya utotoni.

Sasa, ukimkuta mtu haamki, ufanye nini? Hapa nakuomba usikilize kwa makini, na kama una kalamu, andika.

Mwite kwa jina kwa sauti kubwa na umtikise mabega. Tazama kifua kama kinapanda na kushuka. Mkoromo wa ajabu kwa mtu asiyeamka si usingizi mzuri, ni njia ya hewa inayoziba. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele, mdomo uelekee chini kidogo ili matapishi yatoke nje yasirudi kooni. Kama hapumui, na kuna aliyefundishwa kukandamiza kifua, aanze mara moja wakati gari linatafutwa. Usimnyweshe maziwa. Usimpe chumvi, mafuta wala maji. Usimtapishe kwa kidole. Najua tumelelewa tukiambiwa maziwa huua sumu, lakini mtu aliyezimia hamezi, na maziwa hayo yataingia mapafuni. Usimwache peke yake hata ukienda kuita watu.

Tafuta gari. Pikipiki si chombo kizuri cha kumbeba mtu aliyezimia, lakini kama ndicho pekee kilichopo, mtu mwenye nguvu akae nyuma amkumbatie na kumwinua kichwa. Chukua kila kilichobaki: tembe, karatasi, chupa, hata matapishi kwenye kitambaa. Chukua na simu yake. Na ukifika, sema ukweli wote, hata kama unakuaibisha. Kuna dawa iitwayo naloksoni inayoondoa nguvu ya tramadoli, kodini na jamii yake katika dakika chache, lakini haiondoi nguvu ya tembe za usingizi wala ya pombe. Daktari akijua alichomeza mgonjwa, anajua aanze wapi. Akidanganywa kwamba ni malaria, atapoteza muda ambao mwanao hana.

Turudi kwa muuzaji, maana kuna ubaya mwingine ambao hauingii tumboni. Baada ya mara ya tatu au ya nne, mtoto hana pesa. Muuzaji hamkasirikii. Anamwambia, "Chukua hizi kumi, uza kwa wenzako, utanilipa baadaye." Hapo mnunuzi amegeuka muuzaji, na amebeba deni. Akitaka kuacha, anaonyeshwa picha alizopigwa akiwa amelewa, na kuambiwa zitatumwa kwa mwalimu mkuu na kwa baba. Wasichana hudaiwa mambo mengine badala ya pesa. Kuna hata matapeli ambao hawana mzigo wowote: hupokea pesa, kisha hutishia kumshtaki mtoto kwa polisi kwa kuagiza bangi ili atume nyingine. Mtoto aliye katika hali hii anaweza kuwa mwizi, anaweza kutoroka, na wengine hufikiria kujiua. Mzazi anaona ukorofi. Kumbe ni hofu.

Ndiyo maana nilisema tutazame mambo yanayokwenda pamoja. Pesa ndogo ndogo zinazotoka kwenye simu kwenda kwa namba ile ile. Ujumbe wa M-Pesa unaofutwa. Vifurushi vya kuchukuliwa kwenye steji ambavyo havina maelezo. Simu ya pili, au laini ya pili. Marafiki wapya wasiofika nyumbani. Usingizi mchana, macho mazito, kuwashwa ngozi, kukasirika pasipo sababu, alama za shule kushuka. Moja kati ya haya ni ujana tu. Matatu au manne ni sababu ya kukaa chini na kuzungumza. Kwa upande wa pesa, nyanya anaweza kwenda na kitambulisho chake katika duka la Safaricom akaomba orodha ya pesa zilizoingia na kutoka. Orodha hiyo haifutwi na mjukuu.

Mazungumzo yenyewe yaweje? Nimewasikia wazazi wakianza hivi: "Nikikukuta na hayo madawa nitakuua." Ni maneno ya uchungu, si ya chuki. Lakini kumbuka wale vijana wa mfano wetu. Walikuwa na simu yenye salio, walikuwa na namba ya baba, na saa sita nzima zilipita. Maneno kama hayo ndiyo yaliyowafunga midomo. Jaribu hivi: "Mwanangu, sitaki uguse vitu hivyo. Lakini wewe au mwenzako mkipatwa na shida, hata saa nane za usiku, nipigie. Nitakuja kwanza. Maswali yatafuata siku nyingine." Kisha ulitimize neno hilo siku likikufikia, maana utajaribiwa.

Na kijana unayenisikiliza, usione haya kutoka katika kikundi. Bonyeza utoke. Mwenzako akizimia, piga kelele hata kama wote mtachapwa. Kiboko kinapona.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2022, ina adhabu nzito sana kwa walanguzi, vifungo vya miaka mingi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto asitumiwe katika biashara hiyo. Dawa zinazohitaji karatasi ya daktari haziruhusiwi kuuzwa ovyo, na Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayosimamia maduka ya dawa. Julai 2025 serikali ilitoa sera mpya iliyopendekeza kupiga marufuku kuuza pombe mtandaoni na kuipeleka hadi nyumbani, na kupandisha umri wa kununua pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Watu walibishana sana juu ya huo umri, lakini kwa maoni yangu suala la mtandao ndilo lililokuwa na uzito.

Ukigundua muuzaji, usiende kumtafuta na rungu, na usimwandikie matusi, kwa sababu atafuta kila kitu. Piga picha ya skrini ikionyesha jina lake, namba yake na maneno yake. Hifadhi ujumbe wa malipo. Kisha ripoti katika kituo cha polisi au kwa simu ya bure ya wapelelezi wa DCI, 0800 722 203. Wenye maduka kwenye steji na waendeshaji boda boda, mna haki ya kuuliza mzigo ni wa nini kabla ya kumkabidhi mtoto aliyevaa sare ya shule.

Kuna swali ambalo vijana huuliza mara nyingi, na nalijibu kabla muda haujaisha: "Nikipiga simu kuomba msaada, nitashikwa?" Simu ya NACADA ni 1192. Ni ya bure, ya siri, na anayepokea ni mshauri, kazi yake ni kukusikiliza na kukuelekeza mahali pa matibabu. Simu ya watoto ni 116, nayo ni ya bure pia. Zote mbili unaweza kupiga hata kwa mulika mwizi ya nyanya, bila salio.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kutibu maji ya kunywa wakati mito imekauka na tunachimba mchangani.